Naona habari zote kwenye simu, mbona sizielewi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 22, nakaa Ngamiani hapa Tanga, niko chuo mwaka wa pili. Kutwa niko Instagram, TikTok na WhatsApp, na habari zote nazipata humo. Lakini mjomba wangu, ambaye ni mtu wa redio na gazeti, akiniuliza 'sasa hilo limeishaje?' nakosa jibu. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, nilimtumia bibi yangu wa Pangani video ya mawimbi yanapiga ukuta, mtu anasema ni Raskazone, hapa hapa Tanga. Bibi hakulala usiku ule, kumbe video si ya hapa. Halafu kimbunga chenyewe hakikutufikia, nikaona bora nisiamini chochote, hata Mamlaka ya Hali ya Hewa. Mjomba anasema vijana hatujui habari. Ni kweli? Na nifanyeje, maana gazeti sinunui na bando langu ni la mitandao tu? Video nimekuambatishia uione."

Marahaba, mwanangu, na pole kwa bibi. Wengi wanaoniandikia huuliza namna ya kutambua habari ya uongo. Wewe umeuliza jambo lililo chini ya hilo: inakuwaje mtu aone habari kutwa kucha na bado asijue lililotokea. Swali la mjomba, "limeishaje?", ndilo nitakalolishika zaidi, kwa sababu jibu lake liko kwenye namna simu inavyokupangia habari. Akili yako haina tatizo.

Tumalizane na mjomba kwanza. Kwamba vijana hamzipati habari, hapo amekosea. Mnazipata nyingi kuliko alizozipata yeye akiwa na umri wenu. Tofauti ni kwamba yeye alizifuata: saa mbili usiku anakaa karibu na redio na nyumba nzima inanyamaza. Nyinyi zinawajia zenyewe, kati ya mapishi na vichekesho na mtu anayeuza madera. Mwaka 2017 watafiti wa mawasiliano wakiongozwa na Homero Gil de Zúñiga walichapisha kazi yao kuhusu watu wanaoamini kwamba habari muhimu itawafikia tu hata wasipoitafuta. Kwa data za Marekani, waliona kwamba wenye imani hiyo, kadiri muda unavyokwenda, hujua kidogo mambo ya siasa kuliko wenzao. Kwa hiyo mjomba ana nusu yake ya haki.

Lakini asifurahi mapema. Utafiti mwingine wa Marekani, uliochapishwa 2019 na Andrew Guess na wenzake, uliangalia nani alisambaza habari za uongo Facebook wakati wa uchaguzi wa 2016. Watu wengi sana hawakusambaza hata moja. Na kwa wastani, wenye zaidi ya miaka 65 walisambaza karibu mara saba kuliko kundi la vijana zaidi. Marekani si Tanga, sawa, ila nina hakika ukifungua grupu la ukoo wenu utaona nani anatuma zile sauti za "nimetumiwa na daktari mmoja wa Muhimbili". Mara nyingi si wewe.

Sasa turudi kwenye wiki ile ya Hidaya, maana humo mna kila kitu.

Kimbunga kwenye pwani yetu ni nadra. Ili kijizungushe kinahitaji msukumo unaotokana na dunia kuzunguka, na msukumo huo hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini. Ndiyo maana vimbunga vinavyokumbukwa upande huu ni vya kuhesabu: kile cha 1872 kilichoipiga Unguja na Bagamoyo, na cha 1952 kule Lindi. Kwa hiyo mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa, yaani TMA, ilipoanza kutoa tahadhari, jambo lilikuwa geni kabisa kwa watu wa umri wako, na geni kwangu pia. Tarehe 3 boti za Unguja zilisimama. Tarehe 4 kimbunga kilifika eneo la Mafia, na usiku wake Mamlaka ikatangaza kwamba kimepoteza nguvu. Mvua kubwa ikaendelea kusini, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika pande za Somanga, wilayani Kilwa, mabasi yakakwama. Kama wiki mbili baadaye kikatokea kimbunga kingine, Ialy, kikapanda kaskazini kuelekea pwani ya Kenya.

Hebu msikilize mjomba akipokea hayo. Redio inamwambia Ijumaa asubuhi kimbunga kinakuja, Ijumaa usiku kimekaribia, Jumamosi kimefika Mafia, Jumapili kimekwisha. Kila taarifa ya habari inaifuta iliyotangulia. Akilala Jumapili ana kisa kizima, chenye kichwa na mkia.

Kwako wewe hakuna kinachofutwa. Posti ya tarehe 2 yenye ramani nyekundu iko palepale tarehe 5, na kurasa zinazotaka wafuasi zinaipandisha upya bila tarehe. Halafu programu inayoamua uone nini, ile wanayoiita algorithimu, haikupangii kwa mfuatano wa siku. Inakisia kitakachokufanya usimame: ulichokitazama mpaka mwisho jana, ulichokomenti, kilichowashika watu wenye tabia kama zako. Sasa jiulize, posti ya "kimbunga kinakuja, tuombeane" inapata komenti ngapi, na ya "kimbunga kimepoteza nguvu, shughuli ziendelee" inapata ngapi? Ya pili hakuna anayeigusa. Isipoguswa, haisukumwi mbele. Kwa hiyo mwanzo wa habari unakufikia mara ishirini na mwisho wake haukufikii kabisa.

Hilo ndilo jibu la kwa nini hujui limeishaje. Mwisho ulichapishwa, tena siku ileile, lakini haukuwa na cha kuwafanya watu wausukume mpaka kwako. Na katikati ya Mei, Ialy ilipotokea, watu walianza kuzisambaza tena posti za Hidaya, hivyo wapo walioamini kimbunga kilekile kimegeuka na kurudi. Nililisikia hilo kibarazani kwetu, likisemwa na mtu mwenye shahada.

Usidhani kazi hii inafanywa na mitambo peke yake. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral uliofuatilia habari takriban 126,000 zilizozunguka Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi kusambazwa kuliko za kweli, na walipoziondoa akaunti za roboti, matokeo hayakubadilika. Waliozibeba walikuwa watu, na maelezo yao watafiti ni ugeni: jambo jipya lenye kushtua lina raha ya kuwa wa kwanza kulisema. Ulipomtumia bibi video ile ulikuwa unamlinda, najua. Ila na hiyo raha ndogo ilikuwepo, tusifichane.

Video yenyewe nimeitazama, na nimeitazama bila sauti. Ukizima sauti, Raskazone haipo tena. Gari linalopita linakwenda upande wa kulia wa barabara, na sisi tunaendesha kushoto. Nyuma ya ukuta mna maghorofa marefu mstari mzima. Watu wawili wanaokimbia wamevaa makoti mazito ya baridi. Niambie nani Tanga anavaa koti la namna hiyo. Na ghuba yetu imejificha ndani, Kisiwa cha Toten kiko mbele yake, bahari yake haiwi wazi kama ile ya kwenye video. Kilichomshika bibi ni lafudhi. Aliyetia sauti ni mtu wa huku huku, anasema "jamani Raskazone hiyo, maji yanakuja," kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa, na sikio likishaamini jicho linafuata. Kuanzia leo video yoyote ya maafa itazame mara ya kwanza ukiwa umezima sauti. Hilo halili hata bando la ziada.

Ukitaka kujua ilikotoka, piga skrinishoti pale jengo au kibao kinapoonekana vizuri, uitafute kwa Google Lens. Mara nyingi itakuonyesha picha za miaka ya nyuma. Isipoonyesha kitu, haina maana kwamba video ni ya kweli. Maana yake hujapata jibu, na mtu asiye na jibu asisambaze.

Hapa nikukatalie jambo moja. Unasema kimbunga hakikutufikia, kwa hiyo bora usiamini hata Mamlaka ya Hali ya Hewa. Muulize mtu wa Kilwa kama hakikufika. Utabiri wa tarehe 3 ulikuwa sahihi kwa yaliyojulikana tarehe 3, na kimbunga kudhoofika kinapokutana na nchi kavu ni jambo la kawaida, kwa sababu kinakatiwa maji ya moto ya bahari yanayokilisha. Walisema kilivyo, kikabadilika, wakasema kilivyobadilika. Wewe uliiona kauli ya kwanza na matokeo ya mwisho, katikati hukuonyeshwa, ndipo ikaonekana kama uongo.

Huku kutoamini chochote kunanisumbua kuliko hata kuamini kila kitu, kwa sababu kunajifanya werevu. Kijana anayesema "wote waongo" hahitaji tena kuchunguza, amepumzika. Siku tahadhari ya kweli ikija, na mvuvi wa Deep Sea, pwani yetu ya Tanga, akaipuuza kwa sababu "hata ile ya mwaka ule ilikuwa maneno tu", hasara yake haitakuwa ya kukosa usingizi.

Kuna jambo jingine la hapa kwetu ambalo watafiti wa nje hawalisemi. Kila asubuhi kurasa za Instagram zinapandisha kurasa za mbele za magazeti, na redio zinavisoma vichwa vya habari kimoja kimoja. Vijana wengi ninaowafundisha wanahesabu hapo wamesoma gazeti. Kichwa cha habari cha mbele kimeandikwa ili gazeti linunuliwe. Kinakupa nusu ya jambo makusudi, na nusu nyingine iko ukurasa wa 2. "Vigogo matatani" ni nani, kwa lipi, kasema nani? Hujui, lakini umeshakuwa na maoni. Halafu kichwa kilekile unakiona kwenye kurasa nne na status mbili, na kinaanza kuonekana kweli kwa sababu ya kurudiwa tu. Wanasaikolojia Hasher, Goldstein na Toppino walilipima hili mwaka 1977: sentensi iliyosikiwa tena baada ya wiki chache ilikadiriwa kuwa ya kweli zaidi, iwe kweli au si kweli. Ubongo unachukulia kuzoeleka kama ushahidi. Sote tuko hivyo, na elimu haikingi sana.

Na bando. Hili watu wazima wanaowalaumu hawalifikirii. Ukinunua bando la mitandao tu, WhatsApp na Instagram zinafunguka, lakini ukigusa kiungo cha kukupeleka kwenye habari yenyewe, unakatwa salio au hakifunguki. Kwa hiyo unaishia kwenye kapsheni na komenti. Hapo si uvivu, umefungiwa mlango wa kutokea.

Wakati mlango wa kutokea ndio ujuzi wenyewe. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama wanafunzi 25 wa chuo hicho, wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, na wahakiki habari 10 wakipima tovuti wasizozijua. Wanafunzi, na hata wengi wa wanahistoria, walibaki ndani ya ukurasa wakikagua muonekano, nembo na lugha nzuri, na wakadanganyika. Wahakiki waliondoka kwenye ukurasa karibu mara moja, wakafungua kwingine kuuliza: huyu ni nani, na wengine wanamsemaje? Walisoma kidogo zaidi na wakapata zaidi. Nawe ukiona posti, usiikodolee macho. Toka nje yake. Hiyo tiki ya bluu isikuzuie, maana tangu mwishoni mwa 2022 kwa Twitter, na 2023 kwa Instagram na Facebook, mtu anaweza kuilipia.

Kwa bando lako unaweza kutoka kwenye posti bila kutoka kwenye programu. Habari ikija, usiisubiri ijiendeleze yenyewe. Andika jina la mwenye jambo kwenye sehemu ya kutafuta, ingia kwenye ukurasa wake moja kwa moja. Ndani ya ukurasa posti zimepangwa mpya juu na za zamani chini, isipokuwa zile zilizobandikwa juu makusudi, kwa hiyo mfuatano wa siku unaurudisha mwenyewe. Ukurasa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ungekuonyesha tangazo la kwanza la Hidaya na la mwisho kwa dakika mbili. Instagram pia tangu 2022 ina sehemu ya kuona unaowafuata tu, kwa mpangilio wa muda. Wengi hawajawahi kuigusa. TikTok tarehe iko pembeni ya jina kwa herufi ndogo sana. WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umepita mikono mitano au zaidi kabla yako, na aliyekutumia hajui ulikoanzia. JamiiCheck na Nukta Fakti wanahakiki uvumi kwa Kiswahili, wafuate, ila wao pia hawawezi kufikia kila kitu, hasa cha mtaani kwetu.

Je, ufute programu hizo kabisa? Wapo wanaoshauri hivyo. Kwa hali yako sioni faida: utapoteza habari za chuo, za kazi, za misiba, na gazeti bado hutanunua. Redio ya mjomba nayo ina mipaka yake. Inakupa mfuatano mzuri, lakini huwezi kuirudisha nyuma wala kuiuliza swali, na ina mambo yake isiyoyagusa. Mimi ningekuambia uchukue habari moja tu uifuate mpaka mwisho, nyingine zipite.

Anza na bei ya mafuta. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo, na hutofautisha mafuta yanayopita bandari ya Dar es Salaam, ya Tanga na ya Mtwara. Siku hiyo ingia kwenye ukurasa wao, tafuta bei ya Tanga, iandike kwenye daftari. Kisha rudi kuperuzi kama kawaida, uhesabu posti ngapi zimetaja bei ya Dar tu kana kwamba ni ya nchi nzima, ngapi zimechukua ya mwezi uliopita, ngapi zimesema "mafuta yapaa" bila kutaja ni petroli au dizeli. Mwezi unaofuata andika tena, na sababu waliyoitoa. Baada ya miezi michache utakuwa na jambo moja unalolijua kuliko mjomba na kuliko bodaboda wote wa stendi, na jicho lako litakuwa limezoea kuona pengo kati ya tangazo na posti.

Yapo mambo ambayo simu isikutoshe. Habari inayohusu dawa, chanjo au mimba, mpelekee mhudumu wa zahanati kabla hujafanya lolote. Ujumbe wa kazi au mkopo unaodai utume hela kwanza, usitume. Namba yake itume 15040, na kama pesa imeshakwenda, mpigie mtoa huduma wako upesi, kisha nenda polisi na ushahidi kwenye simu. Ukijiona hulali, moyo unakwenda mbio kila unaposhika simu, au unaamka usiku kuangalia kama kuna janga, nenda hospitali ya Bombo uonane na daktari au mshauri nasaha, uwaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi.

Kuhusu sheria, kwa sababu najua litakujia: kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamwadhibu anayechapisha taarifa anayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Wewe hukujua, na ulimtumia bibi yako. Lakini mtu akikuita au kukutisha kwa ulichosambaza, usijibizane naye kwenye simu. Tafuta wakili au msaidizi wa kisheria ana kwa ana.

Na gazeti, si lazima ununue. Maktaba ya mkoa iko palepale mjini. Ingia siku usiyo na kipindi, chukua gazeti lenye kile kichwa cha habari ulichokiona Instagram asubuhi, fungua ukurasa wa 2 uisome habari yote mpaka chini. Mkutubi ukimwomba atakuonyesha na matoleo ya nyuma waliyonayo. Mjomba naye mchukue, kama atakubali kuachana na redio yake kwa saa moja.